Kaa Kwanza Kama Mwali

Nilipokuwa mwaka wa pili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilirudi likizo Newala nikiwa na kazi moja ya kukamilisha: kuchora ukoo wangu. Alama zake tulishafundishwa darasani. Pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke, mistari miwili sambamba ni ndoa, mstari unaoshuka ni uzao. Nikajua ni kazi ya jioni moja, tena ya watu ninaowafahamu tangu nabebwa mgongoni.

Bibi mzaa mama alikuwa uani anabangua korosho. Alishazichoma kwenye kipande cha bati chenye matundu, ule moshi unaowasha macho umekwisha, sasa amekaa kwenye kigoda anagonga moja moja kwa jiwe. Nikasawazisha mchanga mbele yake, nikaokota maganda yawe wanaume na vipande vya korosho viwe wanawake, nikaanza kupanga. Juu kabisa nikamweka babu mzaa baba. Bibi akasimamisha jiwe.

"Mke mwenzangu, huyo uliyempandisha huko juu ni nani?"

"Babu wa Masasi, bibi. Baba yake baba."

"Na wewe kwake umetokea wapi?"

Kabla sijapata jibu alifuta wote kwa kiganja. Akachukua korosho moja nzima, si kipande, akaiweka katikati: mama yake mzazi. Chini akapanga watoto wa mama yake, mmoja mmoja kwa jina, wawili kati yao sijawahi kuwasikia maishani mwangu kwa sababu walikufa wadogo. Ubavuni mwa kila mwanamke akaweka ganda. Nikasema, hawa ni waume zao. Akasema hapana, ni kaka zao. Waume walikuja mwisho, nao aliwaweka mbali kidogo, upande wa kinu. Baba yangu alikuwa huko karibu na kinu.

"Baba yako tunampenda," akasema, "ila ana kwao. Litawa letu ni hili."

Litawa ni watu wa upande wa mama. Nilikuwa na miaka 22. Mjomba ndiye aliyeitwa posa ya dada ilipoletwa. Mjomba ndiye aliyesema neno la mwisho siku kaka alipotaka kuuza kipande cha shamba. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu, sikuyajua. Kichwani nilikuwa na fomu za shule zenye mstari wa "jina la baba", nikachora ukoo wangu kwa kufuata fomu.

Tangu siku ile nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii kwa miaka mingi Mtwara na Lindi, na vijana huniuliza jinsi ya kujifunza anthropolojia ya utamaduni, wengine wakiwa hawana mpango wa kukanyaga chuo. Nawaandikia wao.

Neno lenyewe lisikutishe. Ni kuchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja na maana wanayoyapa maisha hayo: nani ni ndugu, kipi ni chakula, mtoto anakuwa mtu mzima lini, maiti anazikwaje, deni linalipwaje. Mwaka 1871 Mwingereza Edward Tylor aliueleza utamaduni kuwa ni jumla ya yale yote mtu anayoyapata kwa kuwa mmoja wa jamii yake: elimu, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi. Maelezo mazuri, lakini yeye na wenzake waliwapanga watu kwenye ngazi, Ulaya juu na sisi chini. Franz Boas, Mjerumani aliyekwenda kuishi na Wainuit wa kisiwa cha Baffin mwaka 1883 na baadaye akafundisha Marekani, alitumia maisha yake kuivunja ngazi hiyo. Alishikilia kwamba kila utamaduni una historia yake, na usiupime kwa rula ya mwingine kabla hujauelewa kwa rula yake wenyewe. Ukishika hilo, mengine yote ni kazi ya mikono, macho na masikio.

Namna ya kukaa

Huku kwetu kila mtu anajua mwali anakaaje. Hasemi kwanza. Anafundishwa kwa wimbo asioujua maana, anauimba hivyo hivyo, maana inakuja nyuma, wakati mwingine miaka nyuma. Anayejifunza utamaduni, wake au wa wengine, inampasa akae hivyo. Mimi sijaona njia nyingine inayofanya kazi.

Bronislaw Malinowski, Mpolandi aliyefundisha London, alifahamika kwa hilo hasa. Kati ya mwaka 1915 na 1918 alikaa kwa vipindi virefu visiwa vya Trobriand karibu na Guinea Mpya, hema lake likiwa katikati ya nyumba za kijiji. Alijifunza lugha yao, akaona jinsi watu wanavyovuka bahari kwa mitumbwi kubadilishana shanga za kome zinazozunguka upande mmoja na bangili zinazozunguka upande wa pili. Angekuja kwa siku mbili angesema wanacheza na makome. Na ukidhani elimu hii ni ya Wazungu kuwachunguza wengine tu, kumbuka Jomo Kenyatta alikuwa mwanafunzi wa Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu kuhusu Wakikuyu, watu wake mwenyewe.

Nilipofika kwa Arnold van Gennep darasani nilihisi mtu amechungulia uani kwetu. Mwaka 1909 Mfaransa huyo aliandika kwamba sherehe za kuvuka umri, popote duniani, zina hatua tatu: mtu anatengwa, anakaa katikati ambapo si huyu wala si yule, kisha anarudishwa kwa watu akiwa mpya. Nani wa Kusini asiyeijua hiyo? Mtoto anaondolewa nyumbani, anakaa kumbini au ndani, halafu siku ya kutoka anapakwa mafuta, anavikwa nguo mpya, watu wanashangilia na kutuza. Victor Turner, aliyekaa na Wandembu wa Zambia miaka ya 1950, alikaza macho kwenye ile hatua ya katikati na kuona kwamba hapo ndipo wanaotahiriwa pamoja wanakuwa ndugu wa aina yake, mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini sawasawa. Mjomba wangu hadi leo anamwita mwenzake wa jando kwa jina ambalo sisi hatuna ruhusa ya kulitamka.

Mwanamke aliyenifaa zaidi ni Audrey Richards, Mwingereza, ambaye mwaka 1931 alishuhudia unyago wa Wabemba, Zambia, siku kwa siku, na nyimbo zake na vifaa vyake vya udongo. Wabemba nao hufuata ukoo wa mama kama sisi. Nilimsoma nikiwa maktaba, na mara nyingi nilikuwa nafunga kitabu natazama nje, kwa sababu nilikuwa najua wimbo unaofuata utazungumza nini. Yaliyomo ndani ya unyago wangu sitayaandika hapa, wala mahali pengine popote. Nitalirudia jambo hilo.

Daftari

Beba madaftari mawili. Dogo la kuingia kwenye mkoba au kukunjwa kwenye kanga, na kubwa linalobaki nyumbani. Kwenye dogo andika maneno machache tu: jina la mtu, saa, neno la Kimakonde au Kimwera kama lilivyotamkwa, idadi ya vitu. Usiku uleule, kabla hujalala, uhamishie kwenye kubwa na ujaze. Usiseme utaandika kesho. Kesho utaandika ulichofikiri, na alichosema mtu kitakuwa kimeshapotea.

Daftari kubwa ligawe kurasa mbili mbili. Kushoto andika ulichoona na kusikia, bila kukitolea hukumu. Kulia andika ulichohisi: ulichukia, ulichoka, ulicheka, ulidhani wanakudanganya. Ukurasa wa kulia ndio watu huudharau, na mimi naupenda kuliko wa kushoto. Kila ulipoandika "huu ni upuuzi" ujue umegusa mpaka wa utamaduni wako mwenyewe. Rudi hapo.

Chora. Msiba, harusi, mkutano wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, popote utakapokuwa, chora nani amekaa wapi: juu ya mkeka, juu ya kiti, chini ya mwembe, karibu na jiko, mlangoni. Siku za mnada wa korosho nilichora mara tano mfululizo kikao kimoja cha wakulima, na ni kwenye mchoro, si kwenye maneno, nilikoona kwamba wanawake wanaomiliki mikorosho mingi walikuwa wamekaa nyuma kabisa, na kabla ya kila uamuzi vijana wao wa kiume walikuwa wanageuza shingo kuwatazama.

Maneno ya lugha ya nyumbani usiyatafsiri haraka. Ukiandika "ukoo" mahali pa litawa, umeshapoteza nusu, maana Kiswahili cha ofisini kikisema ukoo kinafikiria baba. Acha litawa lisomeke litawa.

Kuna hati moja kila familia inayo na hakuna anayeithamini: daftari la michango. Omba ruhusa ulione la harusi moja na la msiba mmoja wa nyumba ileile. Angalia nani alitoa nini, nani alileta debe la mchele badala ya fedha, jina la nani limepigiwa mstari. Halafu uliza, huyu mliwahi kumchangia lini? Utaona mduara wa kupeana na kurudishiana unaotembea miaka ishirini au zaidi. Mfaransa Marcel Mauss mwaka 1925 aliandika kuwa zawadi kamwe si bure: kuna wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Mama mkubwa wangu, ambaye hajamsoma Mauss, husema kitenge nilichotuzwa si changu, ni cha anayefuata kutoa mwali.

Swali ni shoka, angalia unalilengea wapi

Kosa lililonifundisha kuuliza nililifanya nikiwa kazini. Mradi mmoja ulikuja kugawa miche ya mikorosho kwenye vijiji vya uwanda wa juu, nami nilikuwa miongoni mwa tuliopita nyumba kwa nyumba na fomu. Swali la kwanza: mkuu wa kaya ni nani? Kila mlango tuliopiga hodi tulitajiwa mwanamume. Tukaandika mwanamume. Miche ikatoka kwa jina lake, akaipanda, ikashika.

Miaka minne baadaye ndoa moja ikavunjika. Mume akarudi kwao, kisha akaja kudai mikorosho yake. Ardhi ilikuwa ya litawa la mke, aliyempa mume pa kulima ni mjomba wa mke, lakini karatasi ya mradi ilisema miche ni ya mume. Nilikaa kwenye baraza la usuluhishi la kijiji nikiitazama saini yangu chini ya fomu ile. Yule mama aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ulipokuja ungeniuliza shamba ni la nani, ningekuficha?" Asingenificha. Sikuuliza. Niliuliza neno la serikali, akanijibu kwa adabu ya serikali.

Kwa hiyo usiulize kwa maneno yaliyotoka ofisini. Usiulize "kwa kawaida mnafanyaje", maana mtu atakupa jibu safi la kumpendeza mgeni. Uliza, "Mara ya mwisho ilikuwaje?" Uliza, "Nani alikuwepo? Nani aliamua? Ilipokwama, mlimwita nani?" Uliza, "Nionyeshe." Mama anayekueleza jinsi ya kuondoa sumu kwenye muhogo mchungu atakwambia sentensi mbili; akikuonyesha, utakaa naye siku tatu na utajua nani alimfundisha, nani haruhusiwi kugusa, na kwa nini jirani yake anaanika upande ule.

"Kwa nini" iweke mwisho, na ukiiuliza uwe tayari kupata majibu zaidi ya moja. Wanaouliza watu wetu "Je, unaamini uchawi?" hujibiwa hapana, wanarudi mjini wameridhika. E. E. Evans-Pritchard, aliyekaa na Wazande wa Sudani Kusini ya leo kuanzia mwaka 1926, aliona jambo bora zaidi. Ghala likiwaangukia watu waliokaa chini yake kivulini, Wazande wanajua vizuri kuwa mchwa walikula nguzo. Wanachouliza ni kingine: kwa nini lianguke saa ileile, juu ya watu walewale? Nilipoacha kuuliza kuhusu kuamini nikaanza kuuliza "kwa nini yeye, kwa nini siku ile", mazungumzo yalifika usiku wa manane.

Muda nao ni swali. Mtu wa Tandahimba mwezi wa Novemba, mnada umelipa, bodaboda mpya iko mlangoni, si mtu yuleyule wa Februari, akiba imekwisha, mvua inanyesha na mahindi bado mabichi. Ukimtembelea msimu mmoja tu umemwona nusu. Wazee wa Nachingwea walitusimulia habari za mradi wa karanga wa Waingereza: tume ya mwaka 1946 ilikagua nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiwa angani kwenye ndege, halafu matrekta yakaja, reli ikajengwa kutoka Mtwara, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Udongo na mvua viliwashinda, na watu waliokuwa wanaujua udongo huo na mvua hiyo walikuwepo hapohapo. Ukipata mwaka mzima, kaa mwaka mzima.

Chukua tukio moja ulishike mpaka likupe

Anza na msiba wenye watani. Nilikwenda mazishini Tandahimba na mwenzangu wa kazini, mtu wa Kagera. Jeneza lilipofika kaburini, mwanamume mmoja akatumbukia shimoni, akajinyoosha chali, akasema chumba hiki ni kizuri, nimekipanga mimi, marehemu atafute kwingine mpaka nilipwe. Mwanamke mwingine alivaa koti na kofia ya marehemu akawa anatembea kwa kuchechemea kama alivyokuwa anatembea, akigombeza watu kwa sauti yake. Mwenzangu alitetemeka kwa hasira. Alinishika mkono: "Hawa hawana hata heshima?"

Nilimwomba tutazame pamoja na tuhesabu. Nani anacheka: karibu wote, na mjane akiwa wa kwanza, machozi na kicheko pamoja. Nani hachekani na nani: wakwe wa marehemu walitazama chini muda wote. Nani analipa: si mtoto wa marehemu aliyekuwa na fedha mkononi, alilipa mpwa wake, mtoto wa dada. Nani aliyechimba kaburi asubuhi ile: watani haohao. Waliokaa jikoni siku zote tatu kupika na kutafuta kuni: watani haohao. A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 juu ya uhusiano wa namna hii, urafiki na ugomvi uliofungwa pamoja, ambapo mtu anaruhusiwa kukutukana na wewe huruhusiwi kukasirika. Nakubaliana naye kwa sehemu, ila pale kaburini niliona na kitu kingine: mtani anabeba kazi ambayo mfiwa hawezi kuibeba na ndugu hathubutu, ya kusema kwa sauti kwamba mtu amekufa na maisha yanaendelea kudai. Mwenzangu aliniuliza njiani kama kwao kuna kitu cha namna hiyo. Alikuwa akijiuliza mwenyewe. Usiku alimpigia mama yake.

Waliotutazama kabla yetu

Soma walioandika kuhusu kwenu, usome na walivyoingia. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu ukarimu wa sultani na uzuri wa mji, akataja chale za usoni za watu aliowaona. Akaandika pia kuwa mji wote umejengwa kwa miti. Nenda Kilwa Kisiwani leo: Msikiti Mkuu ni wa mawe, na kasri la Husuni Kubwa la zama zilezile ni la mawe. Shahidi mzuri naye hukosea. Mthamini, na uende ukagonge ukuta mwenyewe.

Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alishuka Lindi mwaka 1906 akapanda bara mpaka Masasi, Newala na Mahuta. Alikuja na kamera za picha mnato na za sinema na mashine ya kurekodi sauti. Vita vya Majimaji vilikuwa havijatulia, naye alisindikizwa na askari. Nikisoma alivyowaweka watu mbele ya mashine waimbe, moyo unauma. Aliyeimba alikuwa anaitazama bunduki. Hata hivyo kuna sauti za watu wetu zilizohifadhiwa, na kuna hadithi aliyoiandika ambayo bibi alinisimulia mimi miaka mia moja baadaye.

Mtu mmoja, asiyenyoa wala kuoga, aliishi peke yake porini. Akachonga mti kwa umbo la mtu, akausimamisha, usiku ukawa mwanamke. Walishuka bondeni mtoni Ruvuma, mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakavuka uwanda wa juu wakashukia bonde la mto Mbemkuru, wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu uwandani, kwenye vichaka vinene vya Mahuta, wa tatu akaishi. Ndiyo maana Wamakonde wanakaa juu, mbali na mito mikubwa.

Kwa Weule hadithi inakwenda hivyo. Kwa bibi kuna kipande cha ziada: baada ya mtoto kuishi, mume anataka warudi bondeni kwa sababu ya kiu, mwanamke anakataa, anasema maji nitayafuata mimi. Bibi alipanda na kushuka na mtungi kichwani tangu msichana, saa kwa saa, kabla bomba halijafika kijijini kwao. Hicho kipande ni cha wanawake waliobeba maji. Tena mzee mwingine aliniambia walipanda juu kuwakimbia waliokuwa wanakamata watumwa. Usilazimishe jibu moja lishinde. Andika nani alisema lipi, na alikuwa anafanya nini alipolisema.

Ukienda kwa wengine

Nilikaa Moshi miezi minane kwenye kihamba, shamba la nyumbani, cha familia moja ya Kichaga, migomba na kahawa chini yake, makaburi ya wazee hatua chache kutoka mlangoni. Wiki ya kwanza mama mwenye nyumba alinitajia mashamba: hapa pa kaka mkubwa, hapa pa yule wa Dar es Salaam, na nyumba hii ya wazazi ni ya kitinda mimba, mtoto wa kiume wa mwisho. Nikauliza, "Na mjomba alisemaje?"

"Mjomba? Mjomba ana nini na kihamba chetu?"

Nikamweleza kwetu. Akaacha kumenya ndizi. "Kwa hiyo watoto wenu ni wa nani?" Tulicheka mpaka majirani wakaja. Lakini usiku kwenye ukurasa wa kulia nilijaza kurasa tatu, maana swali lake lilinionyesha kwamba jambo ninaloliona kama hewa, kwake ni ajabu, na lake kwangu vilevile. Kilichonisaidia zaidi Moshi si vitabu, ni kwamba nilishachora ukoo wangu kwa bibi. Aliyejua kwamba kwao kuna kanuni, ataitafuta kanuni ya mwenzake. Asiyejua atadhani yeye ni mtu wa kawaida na wengine ndio wenye mila.

Nilikosea huko pia, nikamjibu mzee mmoja kwa namna iliyomvunjia heshima mbele ya watoto wake. Mama mwenye nyumba alinikatia jani la isale na kunifundisha jinsi ya kulipeleka. Mzee alilipokea, suala likaisha, na mimi nikajua kuhusu msamaha wa Kichaga kitu ambacho nisingekipata kwa kuuliza.

Kuelewa hakukulazimishi kukubali kila kitu. Naujua unyago kwa ndani na naupenda, na bado nimekwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wasimtoe shuleni mtoto wa darasa la nne. Wamenisikiliza kwa sababu nilizungumza na kungwi kwanza, kwa lugha yake, nikijua likizo inaanza lini na korosho zinalipwa lini.

Ruhusa na marejesho

Mwanafunzi abebe barua ya chuo, afike kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mzee anayeheshimiwa hata kama hana cheo. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Wewe unayejifunza kwenu bila chuo, bado omba. Mwambie mtu unaandika nini na nani atasoma. Simu ikirekodi, iweke mezani ionekane. Usiende mikono mitupu: kilo ya sukari, mche wa sabuni. Na majina ya watu yabadilishe unapoandika.

Halafu rudisha. Nilipomaliza kazi yangu ya shahada nilirudi Newala nikamsomea bibi yote, kurasa sitini, jioni nne, nikitafsiri njiani. Alinisahihisha majina matatu na mwaka mmoja wa njaa. Jioni ya tatu nilifika kwenye ukurasa ambao nilidhani nimeuandika kwa uangalifu, bila kutaja wimbo wowote, nikieleza tu mpangilio wa siku ya mwisho ya ndani. Bibi akainua mkono.

"Hilo si lako, mke mwenzangu. Wala si langu. Toa."

Nikamwambia mwalimu ameshalisifu. Hakunijibu. Nilikaa na jani lile la karatasi mkononi kitambo, kisha nikalichana. Bibi akalipokea, akalikunja mara mbili, akalisukuma chini ya sufuria ya mbaazi, na tukaendelea na ukurasa uliofuata.